Kabla Hatujamwita Mwenye Mapepo

Sisi tuliokulia kati ya milima ya Umatengo na ufuko wa Ziwa Nyasa tumerithi maneno mengi ya kumhukumu mtu kwa anachokifanya. Mtoto anayekodoa macho darasani huku mwalimu akimwita mara tatu ni mzembe. Kijana anayetafunatafuna bila kitu mdomoni katikati ya ibada, akavutavuta vifungo vya shati na kutoka nje bila kumjibu mtu, ana mapepo. Mama aliyeacha sufuria mekoni akatembea hadi mtoni, kisha akashindwa kueleza amefikaje huko, amechezewa na jirani mwenye kijicho. Mzee aliyekuwa mpole maisha yake yote, na sasa anamwaga matusi mbele ya wakwe, uzee umemtoa adabu. Maneno haya tumeyasikia jikoni, kilabuni na kwenye vikao vya ukoo, na kadiri ninavyosoma habari za ubongo ndivyo ninavyozidi kuona kwamba yamewaumiza watu wasio na kosa. Hoja yangu ni moja. Mengi tunayoyaita tabia ni kazi ya sehemu ndogo ya ubongo iliyoguswa na kitu, na katika upande wetu wa Ruvuma mojawapo ya vitu hivyo ni tegu, mnyoo wa nguruwe ambaye tungeweza kumzuia kwa choo na banda. Hukumu inayotolewa kabla ya kuuliza ubongo umepatwa na nini ni hukumu ya haraka, na mara nyingi huwa ya kikatili.

Tuanze na ubongo ulio mzima, maana huo ndio tunaousahau. Mvuvi wa Liuli au Lundu akisimama usiku ndani ya mtumbwi wa gogo, taa inawaka, anavuta wavu wa usipa, mwili wake unafanya kazi ambayo mwenyewe hawezi kuieleza. Wimbi likigonga ubavu wa mtumbwi, sehemu ya ndani ya sikio inayopima mwinamo hupeleka taarifa, nyayo na magoti hupeleka zao, na ubongo mdogo ulioko kisogoni huzilinganisha zote na kurekebisha misuli ya kiuno kabla mvuvi hajajua kwamba ameyumba. Ukimuuliza amefanyaje, atakuambia amezoea. Huko juu milimani, wanaume wakishafyeka majani na kuyapanga kwa miraba, kina mama huchimba mashimo ya ngoro kwenye mteremko mkali kwa kipimo kile kile, shimo baada ya shimo, huku wakizungumza habari za msiba au ada ya shule. Mikono ina kumbukumbu yake, na jambo hili lilithibitishwa kwa njia ya huzuni. Mwaka 1953, huko Hartford nchini Marekani, daktari William Scoville alimpasua kijana aitwaye Henry Molaison ili kumtibu kifafa kikali, akaondoa vipande vya ndani vya pande zote mbili za ubongo, pamoja na sehemu kubwa ya hipokampasi. Kifafa kilipungua, lakini tangu hapo Molaison hakuweza tena kutunza kumbukumbu mpya ya tukio: mtu aliyetoka chumbani na kurudi baada ya muda mfupi alikuwa kwake mgeni. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa zoezi la kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo. Siku hadi siku mkono uliboreka, na kila siku mwenyewe alidhani ndiyo mara yake ya kwanza kulifanya zoezi hilo.

Kisa hicho kinatufundisha jambo ambalo hukumu zetu za kijijini hulikataa, kwamba ubongo hugawa kazi. Kumbukumbu ya matukio ina mahali pake na ustadi wa mikono una mahali pake. Kwa hiyo sehemu moja inaweza kuharibika na nyingine zikabaki salama kabisa. Mtu mwenye kifafa anaweza kuvua, kuhesabu mauzo ya kahawa, kuimba kwaya na kumlea mtoto, na dakika mbili za kifafa chake zisiguse hata kimoja kati ya vipaji hivyo. Sisi tunafanya kinyume: tunazichukua dakika mbili na kuzifanya kuwa jina la mtu. Tunasema huyu ni wa kifafa, na baada ya hapo hakuna anayeuliza tena anajua kufanya nini.

Ramani ya ubongo yenyewe ilianza kuchorwa na watu waliokuwa tayari kumtazama mgonjwa kwa uvumilivu badala ya kumkimbia. Mwaka 1861 huko Paris, Paul Broca alimfanyia uchunguzi marehemu ambaye kwa miaka mingi aliweza kutamka silabi moja tu ingawa alielewa alichoambiwa, akakuta jeraha upande wa mbele wa kushoto wa ubongo. Katika miaka hiyo ya 1860, London, daktari John Hughlings Jackson alikuwa akifuatilia vifafa vinavyoanza kidogo: dole gumba linacheza, kisha vidole, kisha kiwiko, kisha bega, kisha upande mmoja wa uso. Mke wake mwenyewe alipatwa na vifafa vya namna hiyo. Jackson alitambua kwamba mpangilio ule haukuwa wa bahati. Ikiwa mtikisiko unasafiri kutoka gumba hadi bega kwa utaratibu ule ule kila mara, basi kwenye uso wa ubongo lazima pawe na mahali pa gumba, jirani na mahali pa kiwiko, jirani na mahali pa bega. Mwaka 1870 Gustav Fritsch na Eduard Hitzig wa Berlin waligusa ubongo wa mbwa kwa umeme mdogo na viungo vya upande wa pili vikacheza, sawasawa na alivyotabiri. Ninaipenda habari ya Jackson kwa sababu hakuwa na mashine yoyote. Alikuwa na macho, saa na subira, vitu ambavyo mwalimu wa shule ya msingi ya Mbamba Bay au mhudumu wa afya wa kijiji cha Litembo anavyo pia.

Tukiishika ramani hiyo mkononi, turudi kwa wale watu tuliowahukumu. Seli za ubongo huzungumza kwa umeme mdogo na kemikali, kila moja kwa zamu yake; kifafa hutokea pale kundi la seli linapolipuka pamoja kwa wakati mmoja. Mlipuko ukianzia kwenye ukanda unaoendesha misuli, mkono wa upande wa pili utacheza. Ukianzia nyuma kisogoni, panaposhughulikiwa kuona, mtu ataona miduara ya rangi au mwanga ambao wenzake hawauoni, naye atasimulia, na watu watasema ameona mizimu. Ukianzia upande wa ubongo ulio juu ya sikio, atasikia harufu ya kitu kinachoungua ambacho hakipo, au ataingiwa na hofu isiyo na sababu inayopanda kutoka tumboni, au atahisi kwamba jambo hili lilishawahi kumtokea. Kisha atatafunatafuna, atavutavuta nguo, huenda akatembea, na akizinduka hatakumbuka chochote. Huyo ndiye yule kijana wa ibadani, na yawezekana ndiye yule mama wa sufuria. Mlipuko ukishika pande zote mbili za ubongo kwa sekunde chache bila kumwangusha mtu, mtoto hukodoa macho, hupepesa kope, hunyamaza katikati ya neno, kisha huendelea. Akipatwa hivyo mara nyingi kwa siku, somo linamfikia vipande vipande. Fimbo aliyochapwa kwa uzembe ilichapwa kwa ugonjwa. Na yule mzee mwenye matusi anatukumbusha Phineas Gage, msimamizi wa ujenzi wa reli huko Vermont, ambaye mwaka 1848 nondo ilimpenya shavuni na kutokea juu ya paji la uso. Alipona, lakini waliomfahamu walisema amekuwa mtu mwingine, mwenye matusi na asiyejizuia. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayotuzuia kusema kila kinachotujia. Kiharusi kidogo au ugonjwa wa uzeeni ukiigusa, kizuizi hulegea.

Sasa niseme habari ya nguruwe, maana hapa ndipo elimu ya ubongo inapoingia kwenye ua wa nyumba zetu. Mbinga na Nyasa ni nchi ya wafugaji wa nguruwe. Nguruwe wawili watatu ndio akiba ya sare za shule na ya matibabu. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Wilaya ya Nyasa. Nguruwe 698 walikaguliwa ulimi, kwa namna ile ile wanunuzi wetu wanavyomlaza nguruwe, kumtia kijiti mdomoni na kuuvuta ulimi nje kutafuta vifuko vyeupe vilivyo kama punje za mchele. Kwa njia hiyo asilimia 6.31 walikutwa navyo. Lakini damu ya nguruwe 330 ilipopimwa maabara, asilimia 33.3 walionyesha dalili ya maambukizi. Kipimo hicho cha damu kinaweza kuchanganya mnyoo huyu na ndugu yake anayetokana na mbwa, kwa hiyo sisemi kwamba theluthi nzima ya nguruwe walikuwa na tegu yule hatari. Ninachosema ni kwamba ulimi unaficha wengi. Mnunuzi anayeridhika na ulimi safi anaondoka na matumaini zaidi kuliko uhakika.

Mzunguko wa tegu huyu ni rahisi kuueleza na mgumu kuukatisha. Mtu akila nyama ya nguruwe yenye vifuko hai, isiyoiva vizuri, mnyoo hukua ndani ya utumbo wake hadi kufikia mita kadhaa, na mwenyewe huenda asihisi lolote. Mayai hutoka na kinyesi. Nguruwe anayezurura akila kinyesi hicho, mayai huanguliwa tumboni mwake na lava huenda kukaa kwenye misuli, ndipo nyama inapopata zile punje. Hapo mzunguko umekamilika, na kama mambo yangeishia hapo tungekuwa na tatizo la tumbo na la biashara tu. Kisa ni kwamba mayai yale yale, yakiingia kinywani mwa binadamu kwa mkono usiooshwa, kwa mboga iliyomwagiliwa maji machafu au kwa maji ya kunywa, humfanyia binadamu kile yanachomfanyia nguruwe. Lava husafiri na damu na kutua kwenye misuli, chini ya ngozi, machoni, na ndani ya ubongo. Panapotua ndipo panapoamua mtu atafanya nini. Kifuko kimoja kwenye ukanda wa mkono na kifuko kimoja juu ya sikio ni mnyoo yule yule, lakini cha kwanza kitampa mtu mtikisiko wa vidole na cha pili kitampa hofu na harufu zisizokuwepo. Mmoja atapelekwa hospitali, mwingine atapelekwa kuombewa.

Kuna anayesema: mimi sili kitimoto, dini yangu hairuhusu, basi hayanihusu. Namjibu kwamba anayekula nyama mbichi hupata mnyoo wa tumboni, lakini kifuko cha ubongoni kinatokana na mayai, na mayai yanatoka kwa binadamu mwenzake. Mwaka 1992 madaktari wa New York walieleza habari za watu 4 wa jumuiya ya Wayahudi wa Kiorthodoksi, watu wasiogusa nguruwe kabisa, waliopata ugonjwa huu wa ubongo. Chanzo kilichoonekana ni wafanyakazi wa nyumbani waliotoka nchi zenye tegu na waliokuwa wakiwapikia. Muislamu wa Mbamba Bay na Mlokole asiyekula nguruwe wanashiriki kisima, soko na mgahawa na kila mtu. Huko Mbozi, wilaya ambayo sasa iko Mkoa wa Songwe, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwapima watu 830, na asilimia 16.7 walikuwa na dalili ya damu ya kuwa na vifuko hai mahali fulani mwilini. Si wote waliokuwa navyo ubongoni, na si kila mwenye kifuko ubongoni hupata kifafa. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo yenye tegu huyu takribani asilimia 30 ya kifafa hutokana naye.

Jambo linalonishughulisha kuliko yote katika habari hii ni muda. Kifuko kilicho hai hujificha. Hutoa kemikali za kuutuliza ulinzi wa mwili, na kinaweza kukaa ubongoni miaka bila mwenyewe kuumwa hata kichwa. Matata huanza pale kifuko kinapozeeka na kufa, maana hapo mwili hukigundua na kukishambulia, nyama za ubongo zilizokizunguka huvimba, na seli za jirani huanza kulipuka. Hatimaye hubaki kovu gumu ambalo linaweza kuendelea kuleta kifafa. Maana yake ni kwamba mtu aliyemeza yai akiwa na miaka 14 anaweza kuanguka kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 20. Na katika wiki ile anayoanguka kuna jambo: kuna ugomvi wa mpaka wa shamba, kuna mahari iliyobishaniwa, kuna shangazi aliyesema neno baya msibani. Akili ya binadamu inapenda kuunganisha tukio na kilichotangulia karibu, na haina uwezo wa kuunganisha kuanguka kwa leo na kikombe cha maji cha miaka sita iliyopita. Ndiyo maana uchawi huonekana maelezo mazuri: unatoa sababu iliyo karibu na yenye sura ya mtu tunayemjua. Sioni ujinga katika fikra hiyo. Naona akili inayofanya kazi yake ya kawaida, ikakosa taarifa moja muhimu.

Nisieleweke kwamba kila kifafa cha Ruvuma kinatoka kwa nguruwe. Malaria kali ya utotoni, ile inayoleta degedege, huacha makovu. Uzazi wa taabu, mtoto akikosa hewa, huacha makovu. Bodaboda zinazoteremka milima ya Mbinga bila kofia ngumu zinatuongezea majeraha ya kichwa. Na upo usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi weusi wa kando ya mito yenye maji ya kasi, ambao mkoa wetu ni miongoni mwa maeneo yake nchini. Jirani zetu wa kaskazini, Mahenge, wamekuwa na kifafa kingi kupita kiasi kwa muda mrefu. Daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norwe aliyeanza kuwatibu mwanzoni mwa miaka ya 1960 alieleza pia watoto wanaoinamisha kichwa mara kwa mara kama wanaosinzia. Ushahidi uliokusanywa tangu hapo unazidi kuhusisha hali hizo na usubi, na hiyo ni sababu nyingine ya kumeza ivermectin, dawa ya usubi, inapogawiwa kijijini. Sababu ni nyingi. Zote zinaishia mahali pamoja, kwenye kundi la seli lililojeruhiwa.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa watu ninaowaheshimu, wachungaji, mapadri, masheikh na waganga wazee. Wanasema wamewaona watu wakitulia baada ya maombi au dawa za miti, na kwamba hospitali haiwezi kueleza kila kitu. Hilo la pili ni kweli. La kwanza nalo nadhani ni kweli kwa namna yake: kifafa kwa kawaida hukoma chenyewe ndani ya dakika chache, kwa hiyo yeyote anayeomba au kufukiza wakati huo atauona mwisho wake, na yeyote anayepewa dawa leo anaweza kukaa wiki tatu bila kuanguka kwa sababu ndivyo ugonjwa wake unavyokwenda. Tena wapo wanaotikisika kwa mateso ya moyo bila ule mlipuko wa umeme. Hao husaidika kweli kwa faraja ya watu, na hawaigizi, maana neva zao zinaubeba msiba ambao kinywa hakijauweza. Lakini tazama fenobabitali. Alfred Hauptmann wa Ujerumani aligundua mwaka 1912 kwamba inazuia kifafa, na mpaka leo ni kati ya dawa za bei nafuu zaidi, kidonge cha kumezwa usiku kwa kipimo kinachotokana na uzito wa mwili. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa ifaayo na kuitumia inavyotakiwa. Ukiongeza dozi kifafa kinapungua, ukiikatisha ghafla kinarudi kwa nguvu. Pepo anayetii kilo na miligramu si pepo. Sala haizuiwi na kidonge, na kiongozi wa dini anayemwambia muumini amwombe Mungu na ameze dawa yake kila usiku anaokoa maisha zaidi kuliko anayemwambia achague kimoja.

Wengine wanapinga kwa upande mwingine kabisa. Wanauliza: kama kila tabia ina makao ubongoni, basi mlevi na mwizi nao watasema ni ubongo wangu, na nani atawajibika? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba kujua mahali tabia inapotoka hakufuti wajibu, kunatusaidia kuupima. Mtu asiye na fahamu wakati wa tendo hana la kujibu kwa tendo hilo. Mtu ambaye kizuizi chake kimelegea anahitaji kusimamiwa zaidi, siyo kuachiwa wala kupigwa. Gage mwenyewe, baada ya miaka michache, alifanya kazi ya kuendesha magari ya farasi huko Chile, kazi yenye ratiba na nidhamu ya kila siku, jambo linaloonyesha kwamba ubongo uliojeruhiwa unaweza kujengewa utaratibu mpya. Na mwenye ubongo mzima anabaki na mzigo wake wote. Nakubali pia kwamba ramani ninayoisema ina mipaka. Katika karne ya 19 walikuwapo waliodai kusoma tabia ya mtu kwa kupapasa mabonde na vilima vya fuvu lake, na madai yao yalikuwa upuuzi uliotumiwa hata kudharau mataifa mengine, Waafrika wakiwemo. Sehemu za ubongo hufanya kazi kwa kuunganishwa, na hakuna kona ya uvivu wala kona ya uaminifu. Ila kona ya gumba ipo, na kona ya kuona ipo, na kifafa kinatuonyesha.

Gharama ya kutojua tunailipa kwa miili ya watu. Katika utafiti uliofanyika vijijini Tanzania na kuchapishwa mwaka 1993, asilimia 40.6 ya waliohojiwa waliamini kifafa huambukiza, kwa kugusana, kwa pumzi, kwa ushuzi au kwa kula pamoja, na asilimia 62.7 wasingemruhusu mtoto mwenye kifafa kwenda shule. Miaka imepita na elimu imeongezeka, lakini imani ya kuambukizwa ingalipo, na katika nchi ya ziwa na moto wa mafiga imani hiyo huua. Anayeanguka mekoni huachwa aungue kwa sababu waliopo wanaogopa mate yake. Anayeanguka kutoka mtumbwini huchelewa kushikwa. Kuwakataza kabisa wenye kifafa wasiende ziwani ni rahisi kusema ukiwa ofisini; kwa familia ya Kihagara au Lituhi ziwa ndilo shamba. La busara ni mwenye kifafa asiingie majini peke yake, wenzake wajue hali yake, na avae jaketi la kuokolea. Naye akiwa bado anaanguka, avute wavu kutoka ufukoni pamoja na wenzake badala ya kulala ziwani usiku, kwa kuwa kukosa usingizi nako huchochea kifafa.

Kuhusu nguruwe, mfugaji atauliza, na ana haki: nikimfungia atakula nini? Katika sehemu nyingi nguruwe hufungwa mazao yakiwa shambani na kuachiwa mavuno yakiisha, kwa sababu pumba zina bei na nguruwe anajua kujitafutia. Kumwambia mfugaji jenga banda bila kumwambia chakula kitoke wapi ni kumsema bure. Lakini hesabu ifanywe yote. Nguruwe aliyekutwa na punje huuzwa kwa bei ya kutupa au hutaifishwa. Mtoto mmoja wa nyumba hiyo akipata kifafa, fedha ya safari za hospitali Songea na ya waganga itapita bei ya mabanda kadhaa. Ipo dawa ya oksifendazoli, dozi moja ya kumnywesha nguruwe, inayoua vifuko kwenye misuli, mradi asichinjwe kwa wiki kadhaa baada ya kuinywa. Banda la miti lililoinuliwa, choo chenye mlango unaofungika ili nguruwe asiingie, nyama iliyokatwa vipande vidogo na kuiva hadi ndani: haya yako ndani ya uwezo wa kijiji, na halmashauri za Mbinga na Nyasa zina maofisa mifugo na maofisa afya ambao wangefaa kukaa meza moja, maana tatizo lao ni moja.

Nawaomba walimu, basi, mkimwona mtoto anayekatika katikati ya sentensi, andikeni saa na muda na mumwite mzazi kabla ya kushika fimbo. Wazazi, mpelekeni zahanati na maelezo hayo, na msiikatishe dawa kwa sababu mwezi mmoja umepita salama. Viongozi wa vijiji, kagueni vyoo na mabanda kwa siku moja. Na yeyote atakayekuwa karibu mtu anapoanguka amtoe kwenye moto au maji, amlaze ubavu, asimtie kijiko wala kidole mdomoni, atazame saa, na zikipita dakika 5 ampeleke hospitali. Povu lile ni mate tu. Halimwambukizi mtu.